Kwa nini uwanja wetu wa besiboli Malindi hukaa na tope siku nyingi baada ya mvua, ilhali upande wa soka hukauka jioni ileile?

#1 Kocha_Barani
Salaam, wanajamvi. Naleta swali ambalo limeigawanya kamati yetu ya uwanja.

Tuna kiwanja kimoja nje kidogo ya mji wa Malindi ambacho asubuhi hutumiwa na shule, jioni na timu za soka, na mwisho wa wiki na watoto wetu wa besiboli. Besiboli tumeiweka pembeni, ambako tuling'oa nyasi na kumwaga, juu ya mchanga wa asili, udongo mwekundu tuliouziwa na mwenye lori mmoja aliyetuhakikishia kwamba ni udongo wa viwanja. Wakati wa kaskazi hatuna neno, isipokuwa vumbi. Masika yanapoingia, na hasa mwezi wa Mei, mvua ya saa moja hutuachia tope la siku tatu kwenye njia za kukimbilia kati ya besi (vile vituo vinne ambavyo mchezaji hukimbilia kimoja baada ya kingine), na hatua chache kutoka hapo wenzetu wa soka wanacheza kana kwamba haikunyesha. Nyasi zinazopakana na udongo nazo zimekuwa njano.

Je, tatizo ni udongo, mteremko, au matumizi kupita kiasi? Mwenyekiti wetu anataka tumwage malori mawili ya mchanga wa ufuoni na kumaliza maneno.

#2 Mvuvi_wa_Shela
Kocha, mchanga ungekuwa dawa, sisi wa Shela tungekuwa na viwanja bora kuliko Wamarekani, kwa maana tunalala chini ya vilima vyake. Mchanga mtupu haushiki kiatu wala haushiki besi. Mtoto akigeuka kwa kasi mguu unabaki nyuma. Tena ule wa ufuoni una chumvi, na hizo nyasi njano mtaziaga kabisa. Vilima vyetu vyenyewe hatuvigusi kwa sababu ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji wa Lamu, kwa hiyo mwenyekiti asitutazame sisi.

#3 Fundi_Levo
Mimi ni mjenzi, si mwanamichezo, lakini maji ni maji. Eneo la udongo la besiboli halikusudiwi kunyonya mvua. Limekusudiwa kuimwaga pembeni juu kwa juu. Besi hadi besi ni mita 30, kwa hiyo mraba wa ndani ni mita za mraba 900, na mvua ya milimita 10, ambayo kwa masika yetu si kitu, inaleta humo lita 9,000. Lita hizo zisipokuwa na pa kwenda, zitakaa palepale hata kama udongo wenu umetoka peponi.

Kocha, mmewahi kupima mteremko? Msipime kwa macho, kwa sababu macho huona tambarare mahali penye shimo. Chukueni ule mpira mwembamba mweupe unaoonyesha maji ndani, vigingi viwili vya mti na uzi, mpime kutoka kwenye kilima cha mrushaji, yaani kile kimwinuko cha katikati anaposimama anayerusha mpira, hadi ukingoni pande zote. Mnatakiwa kushuka baina ya nusu sentimita na sentimita moja kwa kila mita.

#4 Nahodha_Mstaafu
Fundi, hoja nzuri lakini kipimo sicho. Besi hadi besi kwa watu wazima ni futi 90, yaani mita 27.4, na mraba wake ni mita 752 hivi. Kocha amesema ni watoto, na uwanja wa watoto kwa kawaida ni futi 60, yaani mita 18.3, ambao mraba wake ni mita 335. Kwa hiyo milimita 10 za mvua zinaleta lita 3,350, si 9,000.

#5 Fundi_Levo
Ahsante, Nahodha. Lita 3,350 ni mapipa 16 na zaidi. Jaribu kuyamwaga sebuleni kwako uone kama hesabu mpya itakufariji.

#6 Binti_Gede
Hamjambo. Mimi hushughulika na udongo wa mashamba, na naona mmerukia mteremko kabla ya kuuliza huo udongo mwekundu una nini ndani. Rangi nyekundu haimaanishi mfinyanzi. Udongo una chembe za ukubwa wa aina tatu: mchanga, mfinyanzi, ambao ni chembe ndogo kuliko zote na ndizo zinazoshikana, na baina yao kuna chembe laini zisizo mchanga wala mfinyanzi, kama zile ambazo Mto Sabaki hutuletea kila msimu wa mvua mpaka bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hizo za katikati, ambazo nitaziita chembe za Sabaki, ndizo adui wa uwanja. Zikiwa kavu hupeperuka, zikilowa huteleza, na hazishikani kama mfinyanzi wala hazipitishi maji kama mchanga. Udongo wa eneo la ndani la besiboli huchanganywa mchanga asilimia 60 hadi 75, na katika kile kinachobaki chembe za Sabaki zisizidi mfinyanzi.

Kupima ni rahisi. Jaza udongo theluthi moja ya chupa ya kioo yenye kuta zilizonyooka, ongeza maji mpaka karibu na mdomo na kijiko kidogo cha sabuni ya unga, utikise kwa nguvu, kisha uiweke mahali ambapo hakuna mtoto atakayeigusa. Mchanga utatua chini katika dakika ya kwanza au ya pili. Tia alama. Baada ya saa mbili hivi zitakuwa zimetua chembe za Sabaki. Tia alama ya pili. Kitakachotua kesho yake na kuendelea ni mfinyanzi.

Kuna jambo jingine ambalo Kocha amelitaja bila kulitilia maanani. Udongo wenu mlaini mmeulaza juu ya mchanga wa asili. Watu hudhani mchanga ulio chini utasaidia kunywa maji, lakini hali huwa kinyume: maji hung'ang'ania kwenye tundu ndogo za udongo laini na hayashuki kwenye tundu kubwa za mchanga mpaka tabaka la juu lishibe kabisa. Ndiyo maana upande wa soka, ambao ni mchanga mtupu kutoka juu hadi chini, unakauka, na ninyi mnakaa na tope juu ya mchanga uleule.

#7 Fundi_Levo
Dada, sikupingi kuhusu chupa. Lakini kama maji hayakusudiwi kushuka, kuna haja gani ya kujua kwa nini hayashuki?

#8 Binti_Gede
Kwa sababu hakuna mteremko unaoondoa tone la mwisho, kaka. Linalobaki ama lishuke ama likaukie hapo, na udongo wenye chembe za Sabaki nyingi hauliachilii.

#9 Babu_Msabaha
Vijana, mmeandika mengi na hakuna aliyeuliza ni nani anayepita hapo siku za wiki. Uwanja nadhani naujua. Kama ni huo ninaoufikiria, kuna njia ya bodaboda inayokata pembeni kwa mshazari, kutoka barabarani mpaka kwenye nyumba za nyuma, na inapita juu ya udongo wa Kocha karibu na besi ya tatu. Pikipiki zinapita ardhi ikiwa imelowa. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa kwa sentimita tano hadi nane za juu, hewa inatoka, na baada ya hapo hata ukiupa mteremko wa paa la makuti hautanywa tone. Ongezeni mikutano ya hadhara, harusi na maonyesho ya shule, na mbuzi pia. Uwanja wowote una idadi ya saa unazoweza kuzivumilia kwa wiki, na wenu naona umezipita zamani.

Dawa ni kuufunga wakati umelowa. Mkishindwa kuufunga, msilaumu udongo.

#10 Kocha_Barani
Babu, uwanja ndio huohuo. Njia ya bodaboda tuliziba kwa miti, ikang'olewa usiku.

#11 Mtunza_Bustani_Watamu
Habari za jioni. Mimi natunza nyasi za hoteli na nimewahi kusaidia viwanja viwili vitatu vya shule. Ninyi nyote mko sawa kidogo na mmekosa kitu kilicho wazi. Kocha, nenda sasa hivi pale udongo unapokutana na nyasi, upige goti, upitishe kiganja chako kutoka kwenye udongo kwenda kwenye nyasi. Je, unapanda?

#12 Kocha_Barani
Nimekwenda. Unapanda, tena si kidogo. Upande wa kusini-magharibi kuna tuta la urefu wa vidole vinne likiwa limefunikwa na nyasi; upande wa barabara ni la kidole kimoja tu.

#13 Mtunza_Bustani_Watamu
Basi hilo ndilo bwawa lenu, na mmelijenga wenyewe kwa reki. Kila mnapokokota reki au kile kipande cha wavu wa chuma kusawazisha udongo, mnafika mpaka kwenye nyasi na kugeuza hapo, mnaacha udongo kidogo. Kila mchezaji anayeteleza kuingia besi hurusha mwingine. Na miezi ya kaskazi, upepo unaotoka kaskazini-mashariki hupeperusha chembe laini, nyasi zinazikamata, zinaota juu yake, na tuta linakua bila mtu kuliona. Tazameni upande ambao tuta ni refu zaidi: ndiko upepo unakoelekea. Mvua ikinyesha, maji ya Fundi yanatiririka vizuri kabisa mpaka ukingoni, yanagonga tuta, yanarudi.

Matunzo yake hayahitaji lori. Osha ukingo kwa mpira wa maji wenye kasi ili udongo urudi ulikotoka, au uukune kwa reki ya meno ukielekeza ndani. Pale palipofikia vidole vinne hakuna namna ila kukata ukanda wa nyasi, kuchimbua udongo uliokusanyika, na kuzirudisha nyasi chini ya usawa wa udongo. Kisha mkisawazisha msikaribie ukingo. Acheni kama sentimita 30, hizo mzimalize kwa reki ya mkono, mkivuta sambamba na nyasi. Na msizunguke kwa mwelekeo uleule kila siku. Leo kulia, kesho kushoto, la sivyo mtasomba udongo wote upande mmoja.

#14 Fundi_Levo
"Maji ya Fundi yanatiririka vizuri." Nimefurahi kusikia kwamba mteremko umekubaliwa.

#15 Mtunza_Bustani_Watamu
Sijaukubali, nimeudhania. Kocha bado hajapima.

#16 Nahodha_Mstaafu
Naomba kuongeza kitu kuhusu udongo, kwa sababu watu hudhani viwanja vyote vya besiboli vina nyasi katikati. Kule Japani kuna uwanja wa Koshien, uliofunguliwa mwaka 1924, ambako wanafunzi wa sekondari huchezea mashindano yao makubwa. Eneo lake lote la ndani ni udongo mtupu, hakuna unyasi, na udongo huo ni mchanganyiko wa udongo mweusi na mchanga. Watunzaji wake hubadili vipimo kwa msimu: majira ya kuchipua, ambayo yana mvua zaidi, huzidisha mchanga, majira ya joto huzidisha udongo mweusi ili mpira mweupe uonekane vizuri juani. Wanafunzi wakishindwa huzoa udongo huo kwenye mifuko na kwenda nao nyumbani.

Kwa hiyo, Binti, mwenyekiti wa Kocha hakukosea kabisa kuufikiria mchanga wakati wa mvua.

#17 Mvuvi_wa_Shela
Watoto wa Kocha nao hurudi nyumbani na udongo wa uwanja, lakini mama zao hawauiti kumbukumbu.

#18 Binti_Gede
Nahodha, mchanga wa kuchanganya si mchanga wa kumwaga juu. Ukiutandaza juu ya udongo mlaini utapata tabaka mbili, ya juu inahama chini ya viatu na ya chini inashika maji kama mwanzo. Lazima utifuliwe na kuchanganywa mpaka kina cha sentimita tano au zaidi, udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Na uwe mchanga wenye punje kubwa kidogo wa mtoni, si ule wa ufuoni.

#19 Fundi_Levo
Hesabu kwa ajili ya mwenyekiti. Malori mawili ya tani 7 ni karibu mita za ujazo 9. Yakisambazwa kwenye mita za mraba 335 unapata sentimita mbili na nusu. Hayo ni mengi ya kuharibu na ni machache ya kutengeneza.

#20 Mama_Karakana
Samahani kuingilia. Mwanangu anacheza kwa Kocha na mimi husaidia siku za mechi. Nilitaka kuuliza kuhusu jambo tunalolifanya kila mara: mvua ikikatika, vijana huchukua mafagio ya makuti na kuyafagia madimbwi mpaka nje ya uwanja. Wengine huleta machujo ya mbao kutoka kwa seremala. Je, inafaa? Maana naona shimo la besi ya pili linazidi kuwa kubwa kila masika.

#21 Mtunza_Bustani_Watamu
Mama, umelijibu swali lako mwenyewe. Fagio haliondoi maji matupu. Linaondoa maji pamoja na udongo, na mnachofagia leo ndicho kinachokosekana kesho mahali palepale. Tena mnakisukuma kuelekea ukingoni, kwenye lile tuta. Machujo ya mbao hunywa maji siku hiyo, kisha huoza ndani ya udongo na kuufanya mlegevu.

Tafuteni godoro kuukuu la sponji, mlikate vipande vya ukubwa wa mto. Kipande kimoja kiwekwe juu ya dimbwi, kikanyagwe taratibu, kikamuliwe kwenye ndoo. Mahali pa kina, chimbeni kitundu kidogo cha kikombe katikati ya dimbwi, maji yakusanyike humo, myachote, kisha mrudishe udongo uleule. Baada ya hapo subirini. Udongo ukishika kiatu bila kung'ang'ania, hapo ndipo reki inaingia.

#22 Babu_Msabaha
"Subirini." Hilo ndilo neno nililolisema tangu mwanzo, ila mimi sikuwa na godoro.

#23 Mama_Karakana
Shukran. Na kufunika je? Turubai kubwa hatuna uwezo nalo.

#24 Nahodha_Mstaafu
Hakuna haja ya kufunika eneo zima. Funikeni kilima cha mrushaji na sehemu ya mpigaji, kwa sababu hapo ndipo watu wanasimama palepale mechi nzima na ndipo mashimo huanzia. Sisi tulitumia mabango ya plastiki ya kampeni za 2022, tuliyoshonewa pamoja na fundi wa matanga. Ni mazito, hayapitishi maji, na kwa mara ya kwanza waheshimiwa wale walisimama na wananchi wakati wa mvua. Yabanwe pembeni kwa magunia ya mchanga, kwa maana kusi haina adabu. Jua likitoka myaondoe mara moja. Plastiki ikikaa juu ya nyasi kwenye jua la saa sita, nyasi zitaiva.

#25 Kocha_Barani
Kwa kuwa kilima kimetajwa: chetu kinabomoka mbele, pale mrushaji anapotua mguu. Kuna mzazi amependekeza tuchanganye saruji. Na kiwe cha kimo gani?

#26 Babu_Msabaha
Saruji hapana. Itapasuka, itaacha kingo kali, na siku mtoto atakapovunjika kifundo cha mguu yule mzazi hatakuwepo. Tumieni udongo wa kichuguu. Wazee wetu waliusakafia nyumba kwa sababu hushindiliwa ukawa mgumu na hauchimbiki kwa urahisi. Kimo ninachokikumbuka ni inchi 15.

#27 Nahodha_Mstaafu
Babu, inchi 15 ni kipimo cha zamani. Mwaka 1968 warushaji waliwashinda wapigaji kupita kiasi, Bob Gibson, mrushaji wa ligi kuu ya Marekani, akamaliza msimu akiruhusu wastani wa pointi 1.12 tu kwa mechi, na kuanzia 1969 kilima cha watu wazima kikashushwa hadi inchi 10, yaani sentimita 25. Cha watoto ni inchi 6, sentimita 15, na mrushaji anasimama mita 14 kutoka kwa mpigaji badala ya mita 18.44. Kuhusu kichuguu nakubaliana nawe. Kule Australia wametengeneza viwanja vya tenisi kwa udongo wa vichuguu miaka mingi.

#28 Binti_Gede
Vichuguu havifanani. Kwa kawaida huwa na mfinyanzi mwingi kuliko udongo unaovizunguka, lakini mchwa hujenga kwa kile kilichopo, na katika ardhi ya mchanga mtupu wa ukanda wetu kichuguu kinaweza kukuangusha. Kitieni kwenye chupa kwanza.

#29 Mvuvi_wa_Shela
Na mhakikishe wenyewe wamehama.

#30 Mtunza_Bustani_Watamu
Njia iliyo imara zaidi ni matofali mabichi ya mfinyanzi, yasiyochomwa. Chimbeni pale mguu unapotua na pale mpigaji anaposimama, mpange matofali yakishikana, myashindilie, kisha mfunike kwa sentimita mbili au tatu za udongo wa kawaida. Kila baada ya mechi fagieni udongo uliolegea, lowesheni shimo, mjaze mfinyanzi wenye unyevu, mshindilie. Udongo mkavu uliojazwa kwenye shimo kavu haushiki hata ukiurukia mchana kutwa.

#31 Kocha_Barani
Ahsanteni. Turudi kwenye nyasi njano, ambazo kila mtu amezipita.

#32 Binti_Gede
Mvua nyingi kwenye ardhi ya mchanga huosha naitrojeni na kuizamisha chini ya mizizi. Kilo moja ya urea ina gramu 460 za naitrojeni, na hiyo inatosha mita 100 za mraba kwa mwezi mmoja wa kukua, lakini msiitie yote kwa pamoja. Igaweni mara mbili au tatu, baina ya mvua na mvua, mkiinyunyizia maji baadaye isiunguze majani.

#33 Mtunza_Bustani_Watamu
Kabla ya kununua urea, tazameni ni majani gani yaliyo njano. Yakiwa ya zamani, ya chini, Binti yuko sahihi. Yakiwa machanga, na mishipa yake imebaki kijani, basi ni upungufu wa madini ya chuma, na ardhi yetu ya matumbawe ina chokaa nyingi inayoyafungia madini hayo. Mistari ya uwanja mnaichora kwa kitu gani?

#34 Kocha_Barani
Kwa chokaa ya kupakia kuta.

#35 Mtunza_Bustani_Watamu
Acheni leo hii. Chokaa iliyochomwa, hata ikizimwa kwa maji, huunguza ngozi na macho, na watoto wanateleza juu yake kwa matumbo. Tumieni unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa, au rangi ya maji.

#36 Mvuvi_wa_Shela
Na maji ya kunyunyizia mnayachota wapi? Kisima kikiwa na chumvi, kaskazi nzima mnaweka chumvi kidogo kidogo, na chumvi haiuni nyasi tu, hata mfinyanzi huuvunjavunja ukapoteza mshiko. Pengine hilo ndilo linaloeleza tope na njano kwa pamoja.

#37 Babu_Msabaha
Au nyasi zimezama tu kwenye maji na mizizi imekosa pumzi.

#38 Kocha_Barani
Majani machanga ndiyo yaliyo njano zaidi, lakini ya chini nayo si mazima. Kisima kina ladha ya chumvi kidogo wakati wa kiangazi. Mwenyekiti anauliza kama tulete zile nyasi za Kikuyu zinazopendwa huko bara.

#39 Binti_Gede
Hizo hupenda baridi ya nyanda za juu. Hapa bakini na ukoka, ambao haupendi kivuli lakini hupenda jua na hujitibu haraka kwa sababu hutambaa juu na chini ya ardhi. Mkipanda vipande vyake mvua zinapoanza, miezi miwili hadi mitatu utakuwa umefunika, mradi msiukanyage.

#40 Babu_Msabaha
"Mradi msiukanyage."

#41 Kocha_Barani
Matokeo ya vipimo. Chupa: mchanga ni kidogo kuzidi nusu, chembe za Sabaki ni nene, na mfinyanzi ni utepe mwembamba juu. Uzi: uwanja unashuka kutoka kilimani kama Fundi alivyotaka, isipokuwa karibu na besi ya tatu ambako umebonyea, na kubonyea huko kunafuata njia ya bodaboda mpaka kwenye tuta.

#42 Binti_Gede
Udongo, basi.

#43 Fundi_Levo
Besi ya tatu haina mteremko na ndipo tope lilipo. Sijui nieleze vipi tena.

#44 Mtunza_Bustani_Watamu
Kubonyea huko "mpaka kwenye tuta." Someni neno la mwisho.

#45 Nahodha_Mstaafu
Kocha, udongo wa chupa uliuchota wapi? Kama ni pale besi ya tatu, pana madimbwi, na madimbwi hukusanya chembe laini kutoka uwanja mzima. Chota pia karibu na besi ya kwanza kabla hatujamvika Binti taji.

#46 Mwenyekiti_Mwenyewe
Nimesoma yote, kuanzia nilipotajwa. Lori la kwanza la mchanga limeshalipiwa nusu na litakuja Jumamosi baada ya alasiri. Ni wa mtoni, si wa ufuoni, kwa hiyo punguzeni maneno.

#47 Binti_Gede
Mwenyekiti, heshima yako. Wa mtoni unafaa, lakini usitandazwe mpaka chupa ya pili isomeke na tuta liwe limekatwa.

#48 Fundi_Levo
Na dereva asiingie nalo uwanjani. Lori la tani 7 juu ya udongo uliolowa ni bodaboda za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Amwage nje, upande wa chini, karibu na mwembe, nasi tutahamisha kwa wilbaro. Nitakuja na vigingi vyangu na uzi. Kocha alete vijana wanne na majembe.

#49 Babu_Msabaha
Jumamosi jioni wa soka wana mechi.

#50 Kocha_Barani
Nimeshazungumza nao. Watacheza, kisha wote wawili, mshindi na mshindwa, watashika jembe.